Oktoba 10 si siku ya kupanda miti

Kila Oktoba ikibisha hodi, Wakenya huulizana swali lile lile: tarehe 10 tunapumzika kwa sababu gani hasa? Si swali la uvivu. Tangu mwaka 2017 tarehe hiyo imerudi kuwa Siku ya Moi kwa uamuzi wa mahakama, ikaitwa Siku ya Huduma kwa muda ambao wengi hawakuuhisi, ikageuzwa Siku ya Utamaduni, na mwaka 2024 Bunge likarekebisha sheria na kuifanya Siku ya Mazingira. Sikukuu iliyobadilishwa jina mara zote hizo huanza kufanana na kibanda cha mtaani kinachopakwa rangi upya kila mpangaji anapohama. Ndiyo maana mjadala umekwama kwenye jina. Kuna wanaosema lengo lilikuwa kufuta alama ya mwisho ya enzi ya Nyayo, yaani utawala wa Rais Daniel arap Moi. Wengine wanasema serikali imejitafutia siku moja zaidi ya kupigwa picha ikishika mche. Na wapo wanaoitetea kwa moyo wote, wakisema taifa linalokauka linahitaji siku ya kupanda miti. Makundi haya matatu hayapatani, ila yote yanaamini jambo moja bila kulichunguza, kwamba Siku ya Mazingira ni siku ya kupanda. Mimi nasema hapo ndipo walipopotea. Oktoba 10 ni tarehe mbovu ya kupandia na tarehe nzuri kupindukia ya kuhesabia, na kama tungeitumia kuhesabu miche ya mwaka uliopita badala ya kufukia mingine, tungekuwa karibu zaidi na chimbuko la siku zote za mazingira duniani.

Tuanze na tarehe yenyewe, kwa kuwa ina kejeli ambayo mwandishi wa riwaya angeiogopa. Katiba ya 2010 ilitaja siku tatu tu za kitaifa: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Siku ya Moi ikaachwa nje na watu wakaisahau, mpaka Mahakama Kuu ilipokumbusha mwaka 2017 kwamba jina lake bado limo katika Sheria ya Sikukuu za Umma na hakuna aliyelifuta. Sasa tarehe iliyobeba jina la Daniel arap Moi imekabidhiwa mazingira. Wanaoliona hilo kuwa tusi kwa Mzee wamesahau kwamba Moi mwenyewe alipenda kuonekana akibeba mawe ya kujenga gabioni za kuzuia mmomonyoko wa udongo, na kwamba mwaka 1981 aliunda tume ya rais ya kuhifadhi udongo na kupanda miti. Wanaoliona kuwa utakaso nao wamesahau upande wa pili. Ni katika utawala huo huo ambapo mwaka 1989 ulikuja mpango wa kusimamisha jumba la orofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, na Profesa Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, akaandamwa kwa kuupinga. Ni katika utawala huo pia ambapo vipande vya msitu wa Karura viligawiwa wajenzi wa kibinafsi, na Januari 1999 Maathai na wenzake walipokwenda kupanda mche langoni mwa msitu huo, walinzi wakawavamia, naye akatoka damu kichwani.

Tukio hilo la Karura lina somo ambalo sherehe zetu zimelisahau. Mche ule haukukusudiwa kuongeza idadi ya miti nchini. Msitu wa Karura ulikuwa na miti yake tayari. Mche ulikuwa swali lililoulizwa kwa jembe: ardhi hii ni ya nani, na nani aliyeigawa? Walinzi walilielewa swali vizuri, ndiyo maana waliwapiga. Rudi nyuma zaidi, hadi Juni 5, 1977, ilipokuwa Siku ya Mazingira Duniani. Maathai na wanawake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake waliandamana kutoka Jumba la Mikutano la KICC hadi uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti saba kwa heshima ya viongozi saba wa jamii mbalimbali za Kenya. Miti saba tu, kwenye msafara wa watu wote wale. Hiyo ndiyo mbegu ya Vuguvugu la Ukanda wa Kijani (Green Belt Movement). Vuguvugu hilo lilipoanza kutawanya miche vijijini, lilifanya jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko kupanda kwenyewe: wanawake walipewa ujira mdogo kwa kila mche uliokuwa bado hai. Hawakulipwa kwa mashimo waliyochimba wala kwa miche iliyotoka kitaluni. Walilipwa kwa mti ulioonekana umeshika. Maathai alikuwa mwanasayansi na alijua kwamba mche uliopandwa ni ahadi tu, hivyo akaweka malipo mahali ambapo ahadi inatimizwa.

Historia ya siku hizi nje ya Kenya inasema hivyo hivyo. Siku ya Dunia ya kwanza, Aprili 22, 1970, ilitokana na wazo la seneta Gaylord Nelson wa Wisconsin baada ya mafuta kumwagika baharini Santa Barbara mwaka uliotangulia. Wamarekani wapatao milioni 20 walitoka siku ile. Wengi wao hawakushika koleo. Walikuwa na mabango, na maneno yaliyoandikwa kwenye mabango hayo yalielekezwa kwa wenye viwanda na kwa Bunge lao. Kabla mwaka haujaisha Marekani ilikuwa na shirika la serikali la kulinda mazingira pamoja na sheria kali ya hewa safi. Siku ya Mazingira Duniani nayo ilizaliwa kwenye chumba cha mkutano: Juni 5 ni tarehe ulipofunguliwa mkutano wa Umoja wa Mataifa huko Stockholm mwaka 1972, na Desemba 15 ya mwaka huo Baraza Kuu liliitangaza siku hiyo na pia kuunda shirika lake la mazingira, UNEP, ambalo makao yake yaliletwa Nairobi. Serikali zilikuwa zimeitana kuulizana zimefanya nini na hewa, maji na udongo zilivyokabidhiwa. Kwa ufupi, kidole kilielekezwa juu. Raia aliiuliza serikali, na serikali dhaifu ziliziuliza zile zenye viwanda vikubwa.

Sisi tumekigeuza kidole hicho. Novemba 13, 2023 serikali ilitangaza mapumziko ya ghafla ili Wakenya wapande miche milioni 100. Mei 10, 2024, wakati nchi ikizika watu waliosombwa na mafuriko ya masika, yakatangazwa mapumziko mengine ya kuomboleza na kupanda. Halafu ikaja Oktoba 10 yenyewe, kwa nguvu ya sheria. Katika siku zote tatu aliyeagizwa ni mwananchi. Ameambiwa achimbe, apande, apige picha, aweke hesabu yake kwenye programu ya simu. Juu ya hayo yote kuna lengo kubwa lililozinduliwa Ngong Desemba 2022: miti bilioni 15 ifikapo 2032, ili kurejesha hekta milioni 10.6 za ardhi iliyochakaa. Piga hesabu mwenyewe. Bilioni 15 kwa miaka kumi ni bilioni moja na nusu kila mwaka, yaani zaidi ya milioni nne kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo. Kwa idadi ya watu ya sensa ya 2019, ni miti kama 315 kwa kila Mkenya, kuanzia bibi wa miaka tisini hadi mtoto aliye mgongoni. Silidharau lengo hilo. Ninachosema ni kwamba likipimwa kwa miche iliyoingia ardhini, tutalifikia kwenye makaratasi kabla hatujalifikia kwenye vilima.

Sasa suala la mvua, ambalo wenye kutunga sikukuu huliona dogo na wakulima huliona ndilo lote. Mche unahitaji wiki kadhaa za unyevu ili mizizi ishuke kabla jua halijakaza. Juni 5 huko Stockholm ni mwanzo wa kiangazi chao chenye mwanga mrefu na ardhi iliyolainishwa na theluji. Makueni na Kitui, Juni 5 ni wakati ambapo masika yameshaaga na kilichobaki ni miezi minne au zaidi ya vumbi. Kakamega au Kericho tarehe hiyo haina ubaya, kwa sababu kule mvua haina haraka ya kuondoka, na Pwani masika huwa bado yanavuta mkia. Vipi Oktoba 10? Ni afadhali, lakini bado haijatimia. Mvua za vuli Ukambani kwa kawaida huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba ikishaingia, na mkulima wa huko hatii mbegu ardhini kwa sababu Gazeti Rasmi la Serikali limetangaza. Anasubiri harufu ya udongo. Kwa bahati, Novemba 13, 2023 iliangukia katikati ya mvua za El Nino, na kwa kupandia ilikuwa tarehe bora kuliko zote tatu. Bahati hiyo haiwezi kuandikwa katika sheria.

Waliotangulia kupanda miti kwa kalenda walishaugundua ugumu huu. Wamarekani wana siku mbili tofauti, na watu wengi huku kwetu huzichanganya. Mbali na ile ya Aprili 22 kuna siku ya kupanda miti iliyoanzia Nebraska mwaka 1872, karibu miaka mia moja kabla ya Siku ya Dunia. Siku hiyo ya kupanda haifanywi tarehe moja katika majimbo yote: Florida, kwenye joto, huiadhimisha Januari, na majimbo ya kaskazini hungoja theluji iyeyuke. Siku ya maswali ina tarehe moja, siku ya miche inafuata hali ya hewa. Majirani zetu wa Tanzania nao wameiachia mikoa ipange siku zake za kupanda kulingana na misimu ya mvua. Uturuki ilijaribu njia yetu. Novemba 11, 2019 ilipanda miche milioni 11 kwa siku moja. Haikupita hata miezi mitatu, chama cha wafanyakazi wa kilimo na misitu kikatangaza kwamba katika miche waliyoikagua hadi asilimia 90 ilikuwa imekufa, kwa kupandwa wakati usiofaa na kwa kukosa maji. Wizara ilikanusha vikali. Nani alisema kweli si hoja yangu hapa. Hoja ni kwamba kule kulikuwa na mtu aliyerudi kuangalia, na wizara ikalazimika kujibu.

Yeyote aliyewahi kuhudhuria sherehe ya namna hii anajua kwa nini kurudi kuangalia ni muhimu. Mashimo huchimbwa jana yake na vijana walioahidiwa kibarua. Hema linapigwa, viti vya plastiki vinapangwa, viongozi wanachelewa. Hotuba zinakula asubuhi yote, kwa hiyo miche iliyoletwa na lori alfajiri inakaa juani hadi saa saba, ile saa ambayo hakuna mtunza bustani mwenye akili angeigusa. Mgeni mheshimiwa anakabidhiwa mche mrefu kuliko wengine, na jembe jipya ambalo bado lina kibandiko cha bei. Baada yake umati unajimwaga, kila mtu na mche wake, na hapo ndipo utaona kosa ambalo maofisa wa misitu wamechoka kulikemea: watu wanafukia mche ukiwa bado na mfuko wake mweusi wa nailoni. Mizizi itazunguka ndani ya mfuko huo kama mbwa aliyefungwa, na mti utakufa bila mtu kujua ulikufa kwa nini. Wanaokumbuka kuuvua huuacha papo hapo kwenye nyasi. Jioni uwanja unabaki na vipande vyeusi vinavyopeperuka, kwenye sherehe ya mazingira.

Wakosoaji wa sikukuu hii wana hoja, na baadhi ni nzito. Waajiri wanalalamika kwamba siku ya kazi inapotea, ingawa nawaonea huruma zaidi wachuuzi na mafundi wa jua kali ambao hawalipwi wasipofungua, na ambao hakuna aliyewauliza. Wengine wanauliza, na nadhani swali lao ni gumu kujibika, inakuwaje serikali ile ile iliyotangaza Julai 2023 kuondoa marufuku ya ukataji miti iliyokuwapo tangu 2018 ikaja Novemba kumwambia mama wa Kibera apande mche. Watetezi wa uamuzi ule walisema miti ya mashamba ya serikali ilikuwa imekomaa na inaoza huku viwanda vya mbao vikifungwa. Jibu hilo lina ukweli wake, kwani msitu wa kupandwa hupandwa ili uvunwe. Lakini linatufikisha pale pale: bila takwimu za wazi za kilichokatwa na kilichorudishwa, raia anaombwa aamini tu. Na imani kuhusu misitu katika nchi hii ilichakaa zamani, kwenye miaka ile ya Karura.

Ila kuna hoja moja ambayo nimechoka kuisikia, ile ya kwamba siku moja haiwezi kubadilisha chochote. Inasikika kama busara na watu huitikia kwa vichwa. Haina msingi. Aprili 22, 1970 ilikuwa siku moja. Juni 5, 1977 ilikuwa siku moja na miti saba. Siku moja yenye mwelekeo inaweza kuwa tarehe ya mwisho, na kila aliyewahi kuwa mwanafunzi anajua tarehe ya mwisho inavyofanya kazi. Wizara hufunga hesabu zake Juni 30 kila mwaka, na hakuna anayesema siku moja haiwezi kuwa na maana kwa hazina ya taifa. Tatizo la Oktoba 10 ni kwamba haimdai mtu yeyote chochote ifikapo jua kuchwa.

Watetezi nao wana hoja yao dhaifu, iliyo pacha wa hiyo: kwamba hata ikipona michache ni faida, mche ni mche. Waulizeni watu wa Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliletewa mti mgumu, usiojali ukame, wa kuzuia jangwa. Mti huo tunauita mathenge. Ulipona wote, ukazaa, ukafunga malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mifugo. Mwaka 2006 Wailchamus, jamii ya wafugaji wa huko, waliishitaki serikali, na mbuzi asiye na meno akaletwa mahakamani Nairobi kuwa kielelezo. Mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kando ya mito ikatwe kwa sababu ilikuwa inakausha vyanzo vya maji, na baadhi ya miti hiyo ilipandwa na watu walioamini wanafanya hisani. Katika hali hizi hata idadi ya miti hai haitoshi. Lazima ujue ni mti gani, mahali gani, kwa maombi ya nani. Maswali hayo hayaulizwi siku ya kupanda, kwa kuwa siku hiyo kila mtu ana haraka ya kumaliza kabla wageni hawajaondoka.

Oktoba 10 basi ina nini? Ina faida ambayo sidhani waliotunga sheria waliifikiria, na siwezi kuwapongeza kwa walichokiokota njiani. Katika sehemu kubwa ya nchi kavu ya mashariki, tarehe hiyo iko mwisho kabisa wa kiangazi kirefu. Mche uliopandwa Novemba iliyotangulia umeshapita Januari na Februari, umeshapita miezi ya vumbi kuanzia Juni, umeonjwa na mbuzi, umekanyagwa na watoto. Ukiukuta una jani bichi tarehe hiyo, unaweza kuuita mti. Na kwa kuwa vuli iko mlangoni, ukikuta shimo tupu una wiki mbili tatu za kutafuta mche wa kujazia pengo hilo mvua ikifika. Wataalamu wa misitu hufanya hivyo hivyo kwenye mashamba yao: wanapanda, wanarudi kuhesabu iliyonusurika, wanajazia mapengo. Kwa maneno mengine, mwaka wa mche una siku yake ya ukaguzi, na bila kukusudia sheria imeiweka sikukuu juu yake. Magharibi mwa nchi, ambako mvua hufuata ratiba nyingine, faida hiyo inapungua, lakini kuhesabu hakuharibiwi na jua wala mvua. Unaweza kuhesabu miti hai Kitale, Kilifi na Kajiado siku moja. Huwezi kupanda kote huko siku moja bila mahali fulani kuua miche.

Kama mtu anadhani kuhesabu ni kazi ya kikarani isiyo na tija, aende Gazi, Kwale. Huko tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja na kuuza kaboni inayohifadhiwa na msitu huo kwa wanaotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa. Mnunuzi wa kaboni hanunui hotuba. Anataka vipimo, kila mara, vya miti iliyosimama. Kwa hiyo watu wa Gazi wanapima mikoko yao, na fedha zinazopatikana zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule. Au avuke mpaka hadi Dodoma, kwenye kazi inayoitwa kisiki hai. Pale hakuna mche wala lori la miche. Mkulima anachagua machipukizi kwenye kisiki cha mti uliokatwa zamani, anapogoa yaliyo dhaifu na kuliacha moja au mawili yenye nguvu yaende juu yakitumia mizizi iliyokwisha kuwepo. Ni njia nafuu, nayo haifai kabisa kwa kamera, maana hakuna cha kukabidhiwa mgeni mheshimiwa. Siku ya kupanda haina nafasi ya kumtaja mkulima huyo. Siku ya kuhesabu ingemweka mbele.

Najua nitakachoambiwa, kwamba hesabu nazo hupikwa. Chifu akitakiwa kuripoti miti hai, ataripoti miti hai. Ni kweli, na sina dawa kamili. Ila kuna tofauti kati ya uongo unaoweza kukaguliwa na uongo usioweza. Idadi ya miche iliyopandwa ni tukio lililokwisha kupita, hakuna njia ya kulirudia. Mti hai uko pale pale, na mtoto wa darasa la tano anaweza kwenda kuuangalia. Ripoti ikibandikwa mlangoni mwa ofisi ya chifu ikisema kwamba kando ya kisima fulani kuna miti 60, wanaochota maji hapo kila asubuhi watakuwa wakaguzi bila kuajiriwa. Gharama nayo si kubwa kuliko ya mahema. Katiba imeshatupa msingi: Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi, na cha 69 kinaiagiza Serikali, si mwananchi kwanza, ifanye kazi ili angalau asilimia 10 ya ardhi iwe na miti. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilisema tumefikia 12.13, ingawa ukihesabu misitu peke yake inashuka hadi 8.83. Zile tarakimu mbili zilizotofautiana zingekuwa mjadala mzuri wa Oktoba 10: miti imeongezeka wapi, misitu imepungua wapi, na ya nani?

Mabadiliko ya namna hii yatapata wapinzani, na sitarajii watatoka kwa wanaolalamikia uchumi. Atakayeumia ni mwenye kitalu aliyelipwa kwa miche, mwanakandarasi wa mahema, mheshimiwa ambaye mti wake wa mwaka jana, wenye kibao cha jina lake, umebaki kibao. Kibao kinastahimili sana ukame, nimegundua. Shirika la Huduma za Misitu na kaunti nazo zitalazimika kueleza pengo kati ya tarakimu ya Novemba na ya Oktoba inayofuata, na bajeti itabidi isogee kutoka kununua miche kwenda kulipa wanaoitunza, kama wanawake wa Maathai walivyolipwa.

Mwaka jana nilikuwa shule moja ya msingi upande wa Makueni, kwa shughuli nyingine kabisa, nikamwomba mwalimu anioneshe walikopanda. Tulitembea kwenye safu ya mashimo arobaini kando ya ua. Tisa yalikuwa na kitu kijani. Saba kati ya hayo yalikuwa nyuma ya jikoni, mahali ambapo mpishi humwaga maji aliyooshea sufuria. Mwalimu alianza kuomba radhi, akaeleza habari za mbuzi wa majirani na tangi lililopasuka. Nikamuuliza kama mpishi anajua kuwa ameotesha miti saba. Akacheka, akaenda kumwita. Alitoka akijifuta mikono kwa kanga, akaitazama ile miti kama mtu anayeoneshwa watoto wa jirani, halafu akauliza, "Kwani hii nayo mnaihesabu?"